Zimwi Likujualo: Hasimu Arudiaye katika Masimulizi ya Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki, shujaa amepewa nafasi kubwa kuliko hasimu wake. Nasaba ya shujaa huchunguzwa, siri ya nguvu zake hujadiliwa, na kifo chake hufasiriwa kwa namna nyingi. Hasimu, kwa upande wake, hupewa sentensi moja au mbili: zimwi ni kielelezo cha uovu, fisi ni kielelezo cha ulafi, sultani ni kielelezo cha udhalimu. Kisha mhakiki huorodhesha mafunzo na kuweka kalamu chini. Aghalabu huongezewa kwamba wahusika hao ni bapa, na neno hilo hutumiwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa.

Asili ya hukumu hiyo yajulikana. E. M. Forster, katika mihadhara yake kuhusu riwaya iliyochapishwa mwaka 1927, alitofautisha wahusika bapa na wahusika duara, na tofauti hiyo imeingia katika madarasa yetu na kukaa. Haina ubaya pale ilipozaliwa. Riwaya ina jalada la mwanzo na jalada la mwisho, na mhusika wake hana budi kukua au kudumaa baina ya majalada hayo mawili. Ngano haina majalada. Hasimu wa ngano hakutungwa kwa ajili ya usiku mmoja; alitungwa arudi kesho, na mwaka ujao, mbele ya hadhira ile ile iliyokwisha kumwona akishindwa. Kumpima kwa usimulizi mmoja ni sawa na kumpima mchezaji bao kwa kete moja aliyoishika mkononi. Suala linalopaswa kuulizwa ni jingine: fanani humfanyaje hasimu arudi mara nyingi bila ya kuchosha, na ni kitu gani kinachomfanya akumbukwe?

Jibu jepesi ni kusema kwamba hasimu hukumbukwa kwa ukubwa wa nguvu zake au kwa ukatili wa vitendo vyake. Jibu hilo halisimami. Masimulizi ya ukanda wa Malindi na Kilifi, pamoja na yale ya delta ya mto Tana yaliyo jirani nayo kwa upande wa kaskazini, yamejaa majitu yenye nguvu ambayo hakuna anayeyakumbuka kwa majina. Anayekumbukwa ni yule ambaye kila arudipo huwa amemjua shujaa zaidi kuliko alivyomjua mara iliyotangulia. Waswahili husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo ni faraja ya mnyonge: mjuano hupunguza makali ya adui. Masimulizi yaliyo bora zaidi ya Pwani yameichukua faraja hiyo na kuigeuza kichwa chini miguu juu.

Yafaa kuanza na fisi, maana ndiye arudiaye kuliko wote, na ndiye anayethibitisha kwamba kurudi peke yake hakutoshi. Katika ngano za wanyama zinazosimuliwa na Wamijikenda na Waswahili, fisi hudanganywa na sungura usiku wa leo na usiku wa kesho, na kila mara huingia mtegoni kana kwamba hajawahi kuuona mtego. Hana kumbukumbu. Hadhira inayo kumbukumbu kwa niaba yake, na kicheko hutoka katika pengo hilo. Ndiyo sababu watoto hawamwogopi fisi wa ngano hata kidogo, ingawa fisi wa kweli anaweza kuwa analia nje ya boma wakati ngano ikisimuliwa. Asiyejifunza kitu hawezi kutisha, na wala si kosa la fanani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyompa fisi.

Zimwi ni jambo jingine. Katika ngano ya binti na kombe, inayojulikana sana Pwani na kwa sura mbalimbali katika jamii nyingine za Kibantu, wasichana huenda ufuoni kuokota makombe. Mmoja husahau kombe lake zuri, hurudi peke yake kulichukua, na huko hukutana na zimwi. Zimwi humtia ndani ya ngoma, kisha huzunguka vijijini likipiga ngoma ile. Binti huimba kutoka ndani, watu hustaajabu kwa sauti tamu, na zimwi hulishwa. Mwishowe ngoma hupigwa katika kijiji cha wazazi wake. Sauti hutambuliwa, binti hutolewa kwa siri, na mahali pake hutiwa nyuki au wadudu wengine waumao.

Wahakiki wengi wameona katika ngano hii onyo kwa watoto wasitembee peke yao. Onyo lipo. Lakini msuko wa ngano na namna ya kuisimulia vinafanya kazi ambayo onyo hilo halikuihitaji. Zimwi hili hurudi mara kadhaa ndani ya ngano moja, na kila kurudi kwake hutanguliwa na ngoma. Fanani hahitaji kulieleza umbo lake tena. Hugonga tu kibao, au hupiga kofi kwa mwendo ule ule, na hadhira hujua nani anakuja. Zaidi ya hayo, ni nani aimbaye wimbo wa binti? Ni hadhira yenyewe, kwa kuwa ndiyo kiitikio. Walioketi kuzunguka moto ndio walio ndani ya ngoma. Sauti zao ndizo zinazolipatia zimwi chakula, kijiji baada ya kijiji. Hapana riwaya iliyopata kumfanya msomaji awe mateka wa jahili kwa njia ya moja kwa moja kiasi hiki, na hapana shaka neno bapa halitufikishi popote hapa.

Kisha lipo jambo la boga. Katika baadhi ya masimulizi ya Afrika Mashariki, zimwi likisha kufa, mboga huota pale lilipoangukia, boga huzaa, na boga hilo huja kuwakimbiza watoto. Msimulizi anayeiacha sehemu hii huwa ameimaliza ngano. Anayeiweka huwa ameifungua tena. Zimwi la boga halina mdomo ule wala ngoma ile, lakini hadhira hulitambua mara moja kwa sababu huota mahali pale pale. Mwili umegeuka, mahali hapakugeuka. Hiyo ni kunga ya utambaji, na ni kunga ya makusudi: fanani asipoacha alama moja isiyobadilika, hasimu mpya huwa mgeni tu, na uoga wote wa jana hupotea bure.

Kunga hii haiko Pwani peke yake, na pengine huonekana wazi zaidi ikilinganishwa na sanaa ya mbali ambayo nayo hutegemea usimulizi wa ana kwa ana. Mwaka 1974 ulichapishwa nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimamizi, naye huuelezea ulimwengu wa kubuni na kuwasemea mahasimu wote, ilhali wenzake kila mmoja huwa shujaa wake mwenyewe. Dadu huamua kama pigo limepata au limekosa. Masimulizi huendelea juma baada ya juma, wakati mwingine kwa miaka. Kwa istilahi zetu, huyo msimamizi ni fanani ambaye hadhira yake imepewa upanga. Hasimu aliyemwandaa kwa mwezi mzima anaweza kuuawa usiku wa kwanza kwa bahati ya dadu. Akimwokoa kwa hila isiyoaminika, wachezaji huona wameonewa. Akimwacha afe, hana hasimu wa kurudi.

Kazi iliyosifika zaidi katika kulikabili tatizo hili ni Ravenloft, kisa cha mchezo huo kilichoandikwa na Tracy na Laura Hickman na kuchapishwa mwaka 1983. Hasimu wake, Strahd, ni mtawala mfu anyonyaye damu, aishiye katika ngome juu ya kijiji. Hangojei katika chumba cha mwisho kama majitu mengine ya michezo ya aina hiyo. Hutokea mapema, huwapima mashujaa, hugeuka ukungu na kuondoka, kisha hurudi. Kadi za ramli zinazopigwa mwanzoni ndizo zinazoamua anakusudia nini, hata kisa kikichezwa mara mbili asiwe yule yule. Na katika toleo jipya la mwaka 2016, kifo chake chenyewe si cha kudumu: nchi ile humrudisha. Mtu aliyesikia habari ya boga hatashangaa. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba Strahd hakumbukwi kwa meno yake, kwa kuwa wanyonya damu ni wengi mno katika fasihi ya Ulaya. Hukumbukwa kwa sababu kila akiondoka huwa ameondoka na habari fulani kuhusu waliomkabili. Mashujaa humwona mara tatu. Yeye huwa amewaona muda wote.

Mfano mkubwa wa Pwani, hata hivyo, ni wa kale zaidi na ni mkali zaidi. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unasimulia habari ambazo kwa nathari zilikwisha kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na ambazo kwa mdomo ni za kale kuliko hapo. Ardhi ya kisa hiki ni Pate, Shaka na Ozi, na kaburi la shujaa huonyeshwa karibu na Kipini, upande wa pili wa ghuba ya Ungwana ukitokea Malindi. Wapokomo nao wana masimulizi yao juu ya Liyongo. Hasimu ni sultani wa Pate, ambaye utenzi humwita Daudi Mringwari. Mapokeo mengine humfanya Mringwari kuwa ndugu wa Liyongo waliyegombea naye kiti.

Msikilizaji wa Kilifi huingia katika kisa hiki akiwa na hasimu mwingine kichwani. Katika mapokeo ya Wamijikenda juu ya kuhama kwao kutoka Singwaya, ambayo Thomas Spear aliyachambua mwaka 1978, adui arudiaye ni Mgala. Wagala ndio waliowafukuza Singwaya, ndio walioendelea kuwaandama, na ni kwa ajili yao kaya zilijengwa juu ya vilima na ndani ya misitu. Kuhamwa kwa miji kama Gede nako kumehusishwa, pamoja na sababu nyingine, na mashambulizi yao. Kwa hiyo Wagala watokeapo mapema katika utenzi, wakija Pate kutafuta chakula, masikio yaliyolelewa na mapokeo hayo hungoja vita. Vita havitokei. Wagala humtazama Liyongo akikung'uta mkoba wake na kutoa kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga. Hustaajabu, na kuomba mbegu yake. Sultani ndiye anayelifikisha ombi hilo. Liyongo huozwa mke wa Kigala, na mtoto wa kiume huzaliwa.

Hapa ndipo ustadi wa kisa ulipo, na ni ajabu kwamba wahakiki wameupita haraka wakikimbilia sindano. Adui aliyetarajiwa amegeuka mkwe, na kile kiti cha adui kimebaki wazi. Anayekikalia ni aliyekuwa mwenyeji wa karamu. Sultani haji kutoka nyika; yumo ndani ya mji tangu beti za awali, na ni yeye aliyejigamba kwa Wagala kwamba ana mtu kama Liyongo. Sifa aliyoitoa kwa kujivuna ndiyo inayomrudia usiku kama hofu: mtu wa namna hii atashindwaje kuutaka ufalme?

Kuanzia hapo Mringwari hurudi mara kwa mara, na hakuna mara hata moja anayerudi kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza huwatumia Wasanye na Wadahalo, watu wa msituni ambao Liyongo amekimbilia kwao. Hawa hupanga kikoa cha makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, na zamu ya Liyongo ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Huyaangua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Ni njama ya watu wanaomjua kwa umbo tu. Wamehesabu kwamba ni mzito na kwamba mti ni mrefu, lakini hawakuhesabu akili yake.

Mara ya pili sultani humfunga gerezani. Sasa mtego umejengwa juu ya maarifa zaidi: Liyongo ametolewa msituni na kuletwa mjini, katikati ya watu wanaompenda, na upendo wao ndio umemfanya alegee. Hata hivyo mtego huo una mwanya. Sultani amejua kwamba mfungwa wake ni shujaa, hajazingatia kwamba ni mshairi. Kwa wimbo alioufumba, Liyongo humwagiza mamake, kupitia kwa kijakazi Saada, amletee tupa ndani ya mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi hawatakitamani. Kisha huomba ngoma ya gungu ichezwe kabla hajauawa, na kelele za ngoma na matari hufunika sauti ya tupa ikikata chuma. Anatoka.

Tazama, basi, sultani amejifunza nini. Mara ya kwanza aliwatumia wageni, akashindwa. Mara ya pili alitumia mji wenyewe, akashindwa, lakini aliona kwamba aliyemwokoa Liyongo ni mama, yaani damu. Mara ya tatu anaifuata damu. Humwita yule kijana aliyezaliwa na mama wa Kigala, humwahidi cheo na ndoa, na kumtuma amuulize babake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Silaha ya mwisho ya hasimu imetoka katika tukio lililokuwa la furaha kuliko yote katika kisa, arusi ambayo yeye mwenyewe aliisimamia akiwa bado si hasimu. Utenzi hauoneshi kwamba aliipanga mapema, na uzuri wake uko hapo hapo. Jahili apangaye kila kitu tangu mwanzo ni hila ya mtunzi. Jahili anayeokota kilicholala njiani na kukifanya kisu ni mtu.

Liyongo hujua kijana amekuja kwa nini, na humwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Baadhi ya wasomaji huona hapa ushujaa wa kuikubali kudura. Wengine huona udhaifu wa mzazi. Kwa upande wa hasimu, jambo liko wazi zaidi. Umbali baina yake na shujaa, uliokuwa wa msitu mzima hapo mwanzo, umepungua hadi kuwa wa kitanda. Zimwi sasa linamjua, na kwa kuwa linamjua, linamla likakwisha.

Yawezekana kupinga kwamba utenzi huu ni kazi ya mwandishi mmoja, na kwamba mpangilio huo ni wake, si wa mapokeo. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Masimulizi ya nathari huyapanga matukio kwa namna tofauti, na mengine hayana kikoa kabisa. Lakini Kijumwa aliandika kwa ajili ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu waliokwisha kukijua kisa. Hakuna aliyengoja kusikia kama Liyongo atakufa. Kilichobaki kwa mtunzi ni kupanga jinsi hasimu atakavyosogea. Kazi hiyo haina tofauti na ya fanani mbele ya moto, wala na ya yule msimamizi mbele ya meza.

Yapo pia malalamiko mazito zaidi, hasa kutoka kwa waalimu: kwamba Mringwari haadhibiwi. Kijana ndiye anayeadhibiwa. Ahadi hazitimizwi, hunyang'anywa alivyopewa, huugua na kufa. Miongozo ya mitihani imemng'ang'ania kijana huyo kama fundisho juu ya usaliti, na kwa kufanya hivyo imemsaidia sultani katika njama yake ya mwisho, ambayo ni kumwachia mwingine lawama. Ubaya unaolipwa ni wa aliyetumwa. Aliyetuma hubaki kitini, na utenzi hauombi radhi kwa hilo. Msomaji wa pwani hii ana sababu ya kuelewa. Mwaka ule ule wa 1913 Kijumwa alipoandika, Mekatilili wa Menza alikuwa akiwalisha Wagiriama kiapo dhidi ya amri za serikali ya kikoloni; alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao mwaka 1914. Katika masimulizi ya habari hizo ni shujaa anayerudi, na hasimu ana sura ya Arthur Champion, ofisa wa serikali. Champion mwenyewe hakuhitaji kurudi. Nyuma yake kilikuwapo cheo, na cheo hupata mtu wa kukikalia.

Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, alikwenda mbali zaidi katika Walenisi (1995): utawala unaomhukumu Dzombo hauna uso mmoja ambao msomaji angeweza kuuchukia kwa raha, na dawa anayoitafuta mwandishi ni kumpeleka shujaa katika nchi nyingine kabisa. Kama fikra, riwaya hiyo ni ya kuheshimiwa. Kama utambaji, imelipa bei: msomaji hukumbuka nchi ya Walenisi kwa urahisi kuliko anavyowakumbuka waliomfukuza Dzombo. Hasimu asiye na ngoma ya kumtangulia wala mahali pa kuotea hawezi kurudi.

Mringwari anacho kimoja cha namna hiyo, nacho ni mjumbe. Kila ajapo, huja kwa umbo la mtu mwingine aliyetumwa, na kila mara mtu huyo huwa karibu zaidi na nyumba. Hata baada ya kudungwa, Liyongo huamka, huchukua uta wake, hwenda kisimani nje ya mji, hupiga goti, hupachika mshale na kufa hivyo hivyo akilenga. Watu hawathubutu kusogea, maji hayatekwi, na mji hushikwa na kiu. Basi hutafutwa mtu wa kwenda kumsihi yule aliyepiga goti. Anayetumwa ni mamake.